Niseme Bwana Shiba Ni Mimi?

Mpendwa Mshauri,

Kwa heshima na taadhima, na kwa majonzi yasiyo kifani, natangaza kwako, kwa wasomaji wako wa ndani na nje ya nchi, na kwa wote wanaohusika popote walipo, kwamba kitambi changu kimepungua. Mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari, suruali imeniporomoka mbele ya wakwe, na mama watoto, ambaye tangu tuoane amekiita kitambi hiki "mpangaji asiyelipa kodi", sasa anakililia kama aliyefiwa. Najua gazeti lina habari nzito kuliko hii, lakini nivumilie, maana kitambi hiki ni ushahidi, na wakili amenikataza nisikonde mpaka siku ya kesi.

Naomba msaada wako, nimefika mwisho wa akili yangu, na kwangu mimi huko si mbali.

Mimi ni fundi wa fremu. Ukitaka picha ya harusi, ya marehemu au ya mtoto aliyehitimu iwekwe kwenye kioo, unaniletea, nakata mbao, nakata kioo, napigilia misumari midogo, na mwisho nakuomba radhi kwa kuchelewa. Ila kusema kweli mkate wangu hautoki kwa maharusi, unatoka kwa uso mmoja tu, ule ambao kila ofisi na kila duka na kila shule lazima wautundike ukutani, na kila ikitolewa picha mpya fremu zinaanza upya, kwa hiyo nashinda na uso ule kutwa nzima, nauegemeza, naufuta vumbi, naugeuza, na sijui ni kwa sababu mtu akikaa na kitu hufanana nacho au ni mzaha tu wa Muumba, nimetokea kufanana nao kidogo, hasa hapa mdomoni na kwenye kidevu cha pili. Hapo kwenye kufanana sitaki kusema mengi, maana sijui kama ni kosa. Nilimwuliza wakili, akafungua kitabu, akakifunga, akasema, "Hilo usiniulize tena."

Sasa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ni mchora katuni wa gazeti. Alipokuja kuposa mimi nilikuwa wa kwanza kupinga, nikasema mtu anayekula kwa kuchora pua za wenzake atamlisha nini mke, naye kwa kisasi akanichora mimi. Ndivyo alivyozaliwa Bwana Shiba, na kama ulikuwa msomaji wa gazeti lile la Ijumaa utamkumbuka, baba mmoja mnene ameketi kwenye kiti cha mikono sebuleni kwake, anatafuta miwani iliyo kwenye paji la uso, anamgombeza mkewe kwa chumvi aliyoimwaga mwenyewe, na watoto wake wamepangwa mbele yake kwenye vigoda, wanamtazama. Kiti kile ni changu. Miwani ni yangu. Majirani walinicheka mpaka nikazoea, na nikishazoea kitu huanza kujivunia, nikawa nakata katuni gazetini nazibandika juu ya meza yangu ya kazi.

Siku moja shemeji na mdogo wangu walikuja kututembelea, mvua ikanyesha, na bati letu, ambalo mama watoto alinisihi tangu kiangazi nilizibe, likaanza kumwaga maji katikati ya sebule. Mimi kwa uvivu wa kupanda ngazi nikafungua mwavuli humo humo ndani, nikakaa chini yake kwenye kiti changu, nikauliza, "Nani kasema panavuja?"

"Hakuna aliyesema, baba," mama watoto akajibu, ndoo mkononi. "Ni samaki tu wameanza kuulizia chumba."

Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Ijumaa ikatoka gazetini, mwavuli, maji, ndoo na maneno yangu vile vile.

Kuanzia hapo mambo yaligeuka na mimi kwa uzito wa kichwa sikuona. Utamkumbuka yule binti mtangazaji wa redio aliyesema hewani kuhusu dawa zilizooza hospitalini, akashuka ngazi za ofisi yao mchana kweupe, akaingizwa kwenye gari na watu wasiojitambulisha, na mpaka leo hakuna kituo cha polisi kinachokubali kuwa naye. Ijumaa ile sebuleni kwa Bwana Shiba mtoto mmoja wa kike alinyoosha kidole darini akasema, "Baba, panavuja," na baba chini ya mwavuli akajibu kama kawaida yake. Ijumaa iliyofuata vigoda vilikuwa vile vile, ila kimoja kitupu. Hapakuwa na neno lolote. Kisha akachukuliwa mwandishi wa habari za mahakama, na katunini mtoto wa kiume akanyoosha kidole, na wiki iliyofuata vigoda vitupu vikawa viwili. Akafuata mzee wa mashairi ya Jumapili. Ikafika mahali watu wakilinunua gazeti hawaangalii bei za vyakula wala mpira, wanafungua kwanza kwa Bwana Shiba, wanatazama vigoda, wanakunja gazeti, wanakwenda zao bila kuongea.

Mimi nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Shemeji, siku hizi umekuwa mvivu wa kuchora watoto."

"Si uvivu, shemeji," akasema. "Wananiponyoka."

Hata hapo sikuelewa, nikaenda nyumbani nikala nikalala.

Kilichotuponza, Mshauri, ni kicheko. Alikuja karakana kwangu bwana mmoja wa ofisi kubwa kuchukua picha walizoagiza, amekuja na dereva wake wa kubeba. Akataka kuhakikisha vioo havina mikwaruzo, akaiegemeza picha moja juu ya meza yangu, akarudi nyuma hatua chache aitazame vizuri. Macho yake yakaiona picha. Yakapanda ukutani, yakamwona Bwana Shiba na mwavuli wake. Yakashuka, yakanikuta mimi nimesimama pembeni na nyundo. Yakapanda tena. Kisha yule bwana alicheka, na hakucheka cha adabu, alicheka cha tumboni mpaka akashika ukingo wa meza. Nami nikacheka, maana mteja akicheka fundi hucheka.

Ndipo akageuka akamwona dereva mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, uso mkavu kama ubao.

"Unacheka nini wewe?" akamwuliza.

"Mimi sijacheka, mkuu."

"Hata mimi sijacheka."

"Ndiyo, mkuu."

"Ni kikohozi. Vumbi la mbao hili." Akanigeukia mimi. "Fundi, hapa kwako pana vumbi."

"Pana vumbi, mzee," nikasema.

Wakaondoka bila kuchukua picha. Mimi nilidhani ameghadhibika kwa vumbi, nikafagia. Kumbe mtu aliyecheka mbele ya dereva wake hana njia ila kuwahi kushtaki kabla hajashtakiwa. Kesho yake watu wasiojitambulisha wakaenda gazetini, wakamchukua shemeji mezani kwake na wino haujakauka vidoleni, na wiki haikupita gazeti lenyewe likafungwa kwa sababu, walisema, vyoo vyake havikutimiza masharti ya afya.

Sasa yuko mahabusu kwa kosa la kumdhihaki Kiongozi. Wakili wetu ni kijana mwembamba kama fito, alipokuja karakana kwangu alinitazama mbele, akanizunguka, akanitazama ubavuni kama fundi cherehani, kisha akasema, "Mzee, utetezi wetu ndio huu." Maana yake nisimame mahakamani niseme Bwana Shiba ni mimi, kitambi ni changu, kiti ni changu, bati ni langu na maneno ni yangu, na kwamba ni utani wa mashemeji tu, na mtu kumtania shemeji yake hakuna sheria inayokataza. Hadi hapo sina neno, ni kweli tupu. Lakini akaongeza kwamba wataniuliza vigoda vitupu ni vya nini, na hapo nijibu kwamba binti yangu mkubwa ameolewa na wengine wako shule ya bweni. Mshauri, binti yangu hajaolewa, na wengine hawajawahi kukanyaga bweni. Wako wote nyumbani, wananila mchana na jioni.

Mdogo wangu humpelekea mumewe nguo safi, wanaongea kupitia wavu. Aliporudi mara ya mwisho alikaa kwenye benchi langu la kukatia vioo, hajavua hata mtandio. Akaniambia mkono wa kulia wa shemeji umefungwa kitambaa. Shemeji mwenyewe kasema alibanwa na mlango. "Mlango gani, kaka," akaniuliza, "unaochagua vidole vitatu vya kushikia kalamu?"

Nikamwuliza kama amemwambia mpango wa wakili.

"Nimemwambia. Amekataa. Anasema ukithubutu kusema Bwana Shiba ni wewe, akitoka atakuchora mwembamba."

Nilicheka, yeye hakucheka.

"Tena anasema wewe ukisema wale watoto wako bweni, basi na yule binti wa redio na wenzake hawakuchukuliwa. Anasema utakuwa umemfutia kazi yake yote na kifutio kimoja."

"Sasa mdogo wangu, mwenyewe akikataa..."

"Kaka." Akanikatiza. "Yeye ana haki ya kuwa shujaa, mimi sijamzuia. Lakini mimi sikuja kuomba usafi wa moyo wako. Nimekuja kuomba mume. Neno moja tu. Umedanganya wateja wangapi kwamba fremu iko tayari wakati mbao hujazikata?"

Wengi, Mshauri. Wengi mno.

Ndiyo maana chakula hakipiti. Nikilala upande huu namwona mdogo wangu, nikigeuka upande wa pili naona kile kitambaa mkononi, na katikati niko mimi, mtu ambaye hata bati la nyumba yake limemshinda, naulizwa ushahidi. Na nisijifanye mtakatifu, naogopa pia kwa ajili yangu, maana kusimama hadharani kutangaza kwamba uso ule ni wangu si jambo la mtu mwenye kuupenda usingizi wake. Niseme au nisiseme? Nikisema, niseme hadi wapi? Nisaidie kabla sijaisha mwili wote nikabaki fremu tupu.

Wako mtiifu,
Fundi wa Fremu

*

Fundi, pole.

Nakujibu kwa bahasha wala si gazetini, kwa sababu kesi yako iko njiani na gazeti husomwa na wote, wenye mapenzi na wenye kalamu nyekundu. Ukishaisoma barua hii iwashie jiko.

Pole nimeshaitoa, sasa nikuseme kidogo. Umeniandikia kurasa nzima za kitambi, na mahali pa maana ukapita mbio kama mwenye viatu vya kuazima. Unasema uko katikati ya watu wawili, dada yako na shemeji yako. Si kweli, fundi. Hesabu vizuri. Kwenye kesi hii kuna na wale watoto wa vigodani, na hao wana wazazi, na wazazi wao wako hai, wanapika, wanasubiri mlango ugongwe. Wazazi hao hujawataja hata mara moja, na wewe ni baba.

Acha kujidharau mbele yangu. Hiyo tabia ya "mimi mjinga, mimi mvivu, mimi sikuelewa" ni tamu kuisoma lakini nimekuona unajificha nyuma yake. Ulielewa. Hakuna mtu anayebandika katuni zile juu ya meza, moja baada ya nyingine, asielewe.

Dada yako naye usimwone mbaya. Kamuomba ndugu yake jambo ambalo mke yeyote angeomba, na mimi ningekuwa yeye ningeomba kwa sauti kubwa zaidi. Lakini anayeomba kwa machozi si lazima apewe alichokitaja. Mpe kilicho chako kumpa.

Sikiliza, basi. Kiti ni chako, mwavuli ni wako, kitambi ni chako, bati bovu ni lako, na aibu ya kutoliziba ni yako. Hayo nenda kayaseme, tena yaseme kwa kinywa kipana, wacheke mahakama nzima, kwa sababu ni kweli na huenda yakamsaidia. Shemeji yako akinuna anune, hakuumba kiti chako. Vigoda si vyako. Usivikalie.

Mwambie wakili leo, si asubuhi ya kesi, kwamba habari za bweni huzisemi, ili asikuulize. Mwendesha mashtaka akikuuliza, jibu kwamba wewe ni mchorwaji, si mchoraji, na aliyechora yupo, aulizwe yeye. Halafu funga mdomo. Wewe ni mtu wa kujaza ukimya kwa mzaha, nimekuona. Siku hiyo acha ukimya ukae mtupu.

Kamwone shemeji yako mwenyewe kwenye ule wavu. Usimtume dada yako awe posta kati yenu, ana mzigo wa kutosha. Na dada yako mwambie kabla, uso kwa uso, nini utasema na nini hutasema. Asije akakisikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu. Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyokuandikia, lisome mara mbili.

Na panda ukazibe lile bati. Msimu wa mvua hausubiri hukumu.

Mshauri

*

Wasomaji wangu, kesi imekwisha, na fundi ameomba barua zetu zote zichapwe hapa, hata ile yangu ya kuwashia jiko, ambayo nilibaki na nakala yake, pamoja na hii ya mwisho. Mhariri aliniuliza hili ni tatizo la ndoa au la nini, maana ukurasa huu ni wa ndoa na malezi. Nikamwambia lina mke, lina mume, lina shemeji, linatosha. Palipokatwa pamekatwa. Hii yake ya mwisho nimeiacha kama ilivyokuja.

*

Mshauri,

Nakuandikia kwa sababu mtaani wananisimulia vibaya. Wanaosimulia wanapita karakana, wananipiga mgongoni, wananiambia, "Fundi, uliwapasha!" Kuna mmoja kaniletea picha ya babu yake akaniamkia shikamoo, na ananizidi umri. Nimeona heri niandike mwenyewe.

Nilikwenda kwenye wavu, kama ulivyosema. Shemeji aliongea habari za watoto wake na habari za chawa, akaniuliza kama wino wake umekauka chupani. Kesi hakuitaja. Nilipoanza kuitaja mimi, alitazama mkono wake. Nikaacha.

Wakili nilimwambia. Akasema, "Mimi sitakuuliza, mzee, lakini yule mwenzangu atauliza, na ukinyamaza tumekwisha."

Mdogo wangu sikumwambia. Lile ulilosema nilisome mara mbili nililisoma mara nyingi zaidi, na kila nikifika kwake nakuta anapiga pasi suruali ya kumpokelea mumewe, nasema tu nimepita kusalimia. Asubuhi ya kesi alinishika mkono kwenye mlango wa mahakama, akasema, "Utasema, eh, kaka?" Nikasema, "Nitasema." Na si kwamba nilimdanganya. Pale pale mlangoni nilikuwa nimeshaamua kusema yote, bweni na ndoa ya binti yangu na chochote kingine ambacho wangependa. Nilikuwa nimeushika ule uongo mdomoni kama peremende.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Hakimu aliinua gazeti, akalitazama, akanitazama, akaagiza niletewe kiti. Nikakaa. Wakanipa na mwavuli wa karani. Watu walicheka, hata hakimu alijifuta mdomo kwa leso. Nikaeleza bati, ndoo, samaki wa mama watoto. Wakili alikuwa anakaribia kutabasamu. Shemeji kizimbani alitazama sakafu muda wote, nami moyoni nikasema, kasirika tu bwana wee, leo unalala kwako.

Kisha akasimama mwendesha mashtaka. Mtu mpole, anaongea kama anayekukaribisha chai.

"Mzee, una watoto wangapi?"

Nikamwambia.

"Na kwenye picha hii naona vigoda vitupu. Hawa wamekwenda wapi?"

Nilifungua mdomo niseme bweni. Sasa hapa ndipo wanapokosea wasimuliaji. Wanasema nilijinyoosha, nikamkazia macho. Sikumkazia mtu macho. Niligeuza uso tu kutafuta mahali pa kuutazamisha wakati nadanganya, kwa sababu wateja wangu huwa nawadanganya nikitazama mbao, na pale hapakuwa na mbao. Nikaangukia benchi la mbele. Alikaa pale mama mmoja ambaye sikumfahamu, amejifunga kitenge cha zamani, mikono magotini. Jinsi alivyonitazama haikuwa kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuuliza njia na anasubiri umwelekeze. Na mdomo wake, Mshauri, ulikuwa mdomo wa yule binti wa redio, ule ambao sote tuliuona kwenye picha zilizobandikwa kwenye nguzo kabla hazijabanduliwa.

Ningesema mbele ya mahakama nzima kwamba kigoda cha mwanawe ni cha binti yangu aliyeolewa. Kama angekaa nyuma ningesema. Kama angeinama kutafuta kitu mkobani, ningesema.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Wale si wangu. Wangu wako nyumbani wote."

"Si wako. Basi ni wa nani?"

Nilikumbuka jibu lako, kwamba mimi ni mchorwaji tu, aulizwe mchoraji. Sikupata nafasi ya kulisema. Yule mama alisimama. Askari akamwambia, "Keti, mama." Hakuketi. Akamwambia tena. Hakimu akaweka kalamu chini, akatazama karatasi zake, akaahirisha kesi mpaka mchana.

Mchana ule ule hukumu ikasomwa, na shemeji amefungwa. Miaka sitaitaja hapa, mwenye kuihesabu ni mdogo wangu. Alipokuwa anatolewa alipita karibu na mimi, akaniwekea ule mkono wenye kitambaa begani, mzito, akaondoka nao. Kama alikuwa ananishukuru au alikuwa anajishikiza asianguke kwenye ngazi, sijui. Wakili alikusanya karatasi zake bila kunitazama.

Mdogo wangu nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi za mahakama na ile suruali iliyopigwa pasi imekunjwa mapajani. Nilikaa pembeni yake. Nilitaka kumweleza habari za yule mama na mdomo wa binti yake. Aliongea yeye kwanza, kwa upole kabisa, kama tulivyokuwa tukiongea utotoni tukishaadhibiwa wote wawili.

"Sawa, kaka. Wale si wako," akasema. "Na huyu wangu je? Ni wa nani?"

Tulikaa hapo mpaka askari alipokuja kutuambia tuondoke, wanafunga geti. Hayo ndiyo yaliyotokea.